Kupiga picha kitu usichokijua angani: kamera, lenzi na filta za kununua, na za kuacha

Julai 2019, mabaharia wa jeshi la majini la Marekani, wakiwa kwenye meli ya kivita nje ya pwani ya California, walirekodi pembetatu zikimetameta juu yao usiku. Video ilivuja mwaka 2021 ikazunguka dunia nzima. Mei 17, 2022, Scott Bray, naibu mkurugenzi wa ujasusi wa jeshi hilo, aliwaeleza wabunge wa Marekani kwamba kwa kadiri walivyochunguza zile zilikuwa droni, na kwamba umbo la pembetatu lilitokana na mwanga kupita kwenye kifaa cha kuonea gizani kisha kunaswa na kamera. Umbo lililobishaniwa mwaka mzima lilikuwa limetengenezwa na vifaa vyenyewe.

Naanza na kisa hicho kwa sababu kila anayeniuliza anunue kamera gani, huwa ameshajijibu moyoni: yenye zumu kubwa. Mimi nampeleka njia nyingine. Picha ya kitu usichokijua ina thamani pale mtu asiyekuwepo anapoweza kuichukua na kupima. Ukilishika hilo, orodha yako ya manunuzi inabadilika, na pesa nyingi inabaki mfukoni.

Hatua ya 1: Jua picha itaulizwa nini

Itaulizwa mambo manne. Kitu kilikuwa upande gani na juu kiasi gani? Saa ngapi hasa? Kilionekana kikubwa kiasi gani? Na mwanga wake ni wa aina gani?

Ukubwa angani hupimwa kwa nyuzi, na kipimo unacho mkononi. Nyoosha mkono mbele: ngumi inafunika karibu nyuzi 10, kidole cha mwisho nyuzi 1. Mwezi mpevu ni nusu tu ya unyuzi. Jaribu leo usiku, utashangaa jinsi kidole kinavyoufunika mwezi wote. Anayekwambia kitu kilikuwa "kikubwa kama basi" hajakwambia lolote, maana hakuna ajuaye basi hilo lilikuwa umbali gani.

Hatua ya 2: Kamera yenyewe

Unahitaji kamera inayokuruhusu kupanga kila kitu kwa mkono (shata, yaani muda wa kuingiza mwanga; apacha, upana wa tundu la lenzi; ISO, wepesi wa kamera kupokea mwanga; na fokasi) na inayohifadhi picha ghafi, yaani RAW. Basi. DSLR, yaani kamera ya kubadilisha lenzi, ya mtumba inatosha kabisa. Canon EOS 600D ni ya mwaka 2011 na bado inafanya kazi hii vizuri. Nikon D5300 ya 2013 ina GPS ndani yake, hivyo mahali uliposimama panaandikwa kwenye faili bila wewe kukumbuka. Kwa kazi hii mimi ningeichukua hiyo.

Kamera za zumu ndefu kama Nikon Coolpix P900, na P1000 inayofika sawa na milimita 3000 (milimita za lenzi zikiwa nyingi, inavuta zaidi vya mbali), zimependwa sana na wanaowinda vitu vya angani. Mchana, kwa ndege au puto, zinafaa. Usiku ndipo shida inapoanza. Sensa yake, kile kipande kinachonasa mwanga, ni ndogo, lenzi ikivutwa mpaka mwisho inaingiza mwanga kidogo, na fokasi ya kujiendesha haipati pa kushika kwenye nukta ya mwanga. Matokeo yake nyota inavimba na kuwa duara linalotetemeka, lenye mawimbi ya rangi ndani, kama kitu hai. Mtandaoni video za namna hiyo zimejaa, na waliozirekodi wanaamini kwa dhati walichokiona. Ni nyota iliyotoka kwenye fokasi, ikitazamwa kupitia hewa inayochemka.

Simu je? Itumie, ila iweke kwenye hali ya "Pro", ifunge kwenye stendi, na zima kila kinachoitwa AI au uboreshaji wa picha. Simu inayojaza maelezo ambayo lenzi haikuyaona inakuharibia ushahidi.

Ukinunua mtumba, fanya majaribio mawili palepale dukani. Kwanza, funika lenzi kwa kifuniko chake, weka ISO 1600, piga picha ya sekunde 30. Vidoti vyekundu, vya bluu au vyeupe utakavyoviona ni pikseli mbovu. Vichache havina neno, lakini ujue vilipo, maana siku moja utaviona "angani". Pili, mulika tochi ndani ya lenzi kutokea nyuma. Sisi tunaoishi pwani, unyevu unatulea kuvu ndani ya vioo. Lenzi yangu ya kwanza ya milimita 50 niliinunua bila kuikagua. Kila taa niliyopiga ilitoka na duara la ukungu pembeni yake, nami nikawa naandika kwenye daftari "kina duara la mwanga". Miezi minne baadaye nilimulika tochi, nikakuta kuvu imetandaa kwenye kioo cha nyuma kama utando wa buibui. Kurasa zote zile nilizipiga mstari. Tangu siku hiyo lenzi zangu zinalala kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, pamoja na vile vifuko vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya.

Hatua ya 3: Lenzi, na hesabu kidogo

Chukua ndege ya abiria yenye urefu wa mita 40, iliyo umbali wa kilomita 40. Kwa lenzi ya milimita 200, sura yake kwenye sensa ina urefu wa milimita 0.2, na kwenye kamera yenye pikseli za maikroni 4 hiyo ni pikseli 50. Mabawa utayaona. Kamera kuu ya simu ina lenzi ya kama milimita 5: sura ileile inakuwa maikroni 5, yaani pikseli nne au tano. Hakuna programu duniani itakayotoa mabawa kwenye pikseli nne. Ukivuta kwa vidole unakuza miraba tu.

Hata hivyo, usianze na lenzi ndefu. Lenzi ya milimita 300 kwenye kamera za aina hii inaona upana wa nyuzi 4 na nusu tu, chini ya nusu ya ngumi yako. Kutafuta kitu kinachosogea gizani kwa tundu hilo ni kazi ya mazoezi ya miezi. Nunua kwanza milimita 50 yenye apacha ya f/1.8. Ni ya bei nafuu kuliko karibu lenzi zote, inakunywa mwanga, na haina zumu, kwa hiyo kila pikseli kwenye picha zako ni unyuzi uleule siku zote. Ile 18-55 inayokuja na kamera itakufaa kwa anga pana. Ndefu, 70-300, ije ya tatu.

Hatua ya 4: Stendi kabla ya filta yoyote

Stendi nzito, si zile za vijiti. Upepo wa bahari ukiwa mkali, tundika mfuko wa mchanga katikati yake. Kamera ikiwa kwenye stendi, zima kitulizi cha mtikisiko cha lenzi, kwa sababu kisipokuwa na mtikisiko wa kutuliza huweza kujitengenezea wake. Tumia rimoti au saa ya kuchelewesha ya sekunde 2, kidole kisiguse.

Na ndani ya picha weka kitu kisichotembea: ncha ya mnazi, paa, mnara wa simu. Kesho yake mchana unarudi palepale, unapima mnara uko nyuzi ngapi kutoka kaskazini, na kuanzia hapo kitu chako kina anwani. Taa iliyopigwa kwenye weusi mtupu haina.

Hatua ya 5: Filta

Hapa ndipo watu wanapotupa pesa. Kanuni yangu: kila kioo unachoongeza mbele ya lenzi kinaongeza sehemu mbili za mwanga kurudi nyuma, kwa hiyo kiwe na kazi unayoweza kuitaja.

Filta ya UV, ile ya kulinda lenzi, ivue usiku. Usijadiliane nayo. Mwanga wa taa kali ukifika kwenye sensa, sehemu yake inarudi nyuma, inagonga mgongo wa filta, inarejea kwenye sensa, na kuchora taa ya pili upande wa pili wa picha. Nilikuwa ufukweni Pangani usiku mmoja, na kwenye skrini kulikuwa na nukta ya kijani juu ya bahari ikicheza. Nikiisogeza kamera kushoto, nayo inakimbia kushoto. Kwa macho matupu hakuna kitu. Nilichora mstari kutoka kwenye nukta ile kupita katikati ya picha, ukaangukia taa ya geti la hoteli. Nilipovua filta nukta ikafa. Kipimo hicho cha mstari kinafanya kazi pia kwa picha za watu wengine, hata za simu, maana vioo vya simu navyo vinarudishiana mwanga: ukiona kitu cha ajabu, tafuta taa au jua upande wa pili wa kitovu cha picha, umbali uleule.

Polaraiza ni ya mchana. Inatia giza anga la bluu, zaidi sehemu iliyo pembe mraba na jua, na kupunguza mng'ao wa kioo cha dirisha ukipigia ndani ya gari. Inakula kati ya stopu 1 na 2 za mwanga (kila stopu ni nusu ya mwanga uliopo). Kama kitu kinatulia kiasi cha kukuruhusu, piga mbili, ya pili ukiwa umeizungusha robo. Mng'ao unaotoka kwenye plastiki au maji unaweza kubadilika sana kati ya picha hizo. Wa chuma kitupu haubadiliki kiasi hicho. Ni dokezo tu, lakini limepatikana bure.

Filta ya jua: usielekeze lenzi kwenye jua bila hiyo, wala karibu nalo. Filta halisi ya jua huruhusu sehemu 1 kati ya 100,000 ya mwanga, na hufungwa mbele ya lenzi, kamwe si nyuma yake. Filta za kawaida za kupunguza mwanga hazichukui nafasi yake, hata ukizipanga mbili.

Filta za kuzuia mwanga wa mji ziliundwa kwa taa za sodiamu na zebaki, zenye rangi chache zinazoweza kukatwa. Taa za barabarani za LED zinatoa karibu rangi zote, hivyo filta hiyo inakata pia unachokitafuta. Iache.

Infraredi inahitaji maneno machache kwa sababu inawachanganya wengi. Filta kama Hoya R72 inapitisha mwanga ulio nje ya wekundu, kuanzia kama nanomita 720 (kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga), lakini kamera ya kawaida ina kioo ndani kinachouzuia mwanga huo. Utahitaji kamera iliyofunguliwa na kuondolewa kioo hicho. Na hata hapo haitaona joto. Kamera za joto ni kifaa kingine kabisa, na lenzi zake kwa kawaida ni za jemaniamu. Nazo zina mtego wao. Novemba 11, 2014, helikopta ya jeshi la majini la Chile ilirekodi kwa kamera ya infraredi vivimbe viwili vyeusi vilivyoungana, vikitoa wingu nyuma. Kamati ya serikali ilichunguza miaka miwili bila kupata jibu. Video ilipotolewa Januari 2017, wachambuzi wa mtandaoni walilinganisha kumbukumbu za safari za anga wakaonyesha kwamba ilikuwa ndege ya abiria iliyopaa kutoka Santiago. Joto la injini lilikuwa limelifunika umbo la ndege.

Sasa filta ninayokuomba uinunue. Dukani au mtandaoni taja difraksheni gretingi. Ni kipande cha plastiki au kioo chenye mistari isiyoonekana kwa macho, 100 au 500 au 1000 kwa kila milimita, kinachotandaza mwanga wa taa kuwa utepe wa rangi zake. Walioweka vifaa kwenye bonde la Hessdalen, Norway, mwaka 1984 kuchunguza taa zinazoonekana kule, walikuwa na kamera zilizofungwa kitu hicho. Filta nyingine zinaondoa habari kwenye picha, hii inaongeza.

Anza kwa kujifunza nyumbani. Fungia gretingi mbele ya lenzi, zima taa za sebuleni, piga picha ya balbu ya enaji seva kupitia mlango uliofunguka kidogo. Utaona mistari iliyotengana, na wa kijani uliokolea uko nanomita 546, kwa sababu ya zebaki iliyomo ndani ya balbu. Huo ndio rula yako. Kisha piga mshumaa: utepe mmoja laini, hauna mwanya. Balbu nyeupe ya LED: kilima cha bluu, halafu bonde jembamba lenye giza, halafu kijani mpaka nyekundu. Zuhura, kwa kuwa inarudisha mwanga wa jua, inatoa utepe kamili. Siku moja tuliona taa mbili zikielea juu ya upeo wa bahari, hazishuki hazipandi. Utepe wa ya kwanza ulikuwa laini kama wa mshumaa, karabai. Ya pili ilikuwa na lile bonde la LED. Wavuvi wa dagaa, mmoja wa zamani na mmoja wa kisasa, na hewa ya joto juu ya maji ilikuwa imewanyanyua machoni petu.

Angalia namba kabla ya kununua. Gretingi ya mistari 500 inautupa mwanga wa kijani nyuzi 16 pembeni. Lenzi ya milimita 50 kwenye kamera kama 600D inaona nyuzi 13 tu kila upande kutoka katikati, kwa hiyo utepe unatoka nje ya picha. Tumia milimita 18 hadi 24. Ile ya mistari 100 inautupa nyuzi 3 tu na inaelewana vizuri na milimita 50. Usiye na pesa, chukua CD ya zamani, bandua ile karatasi ya fedha kwa gundi ya utepe, plastiki safi inayobaki ina mistari 625 kwa milimita. Imepinda, hivyo utepe nao utapinda, lakini utajifunza.

Mambo mawili ya kushika: taa yenyewe na utepe wake viwe ndani ya picha moja, maana umbali kati yao ndio kipimo. Na kama kitu kinasogea, zungusha gretingi utepe ukatishe njia yake, vinginevyo rangi zinapakana.

Hatua ya 6: Mipangilio

Fokasi kwanza. Elekeza kwenye nyota kali, kuza mara 10 kwenye skrini, zungusha kwa mkono mpaka iwe nukta ndogo kabisa, kisha bandika pete ya lenzi kwa gundi ya utepe isisogee.

Usiku anza na f/2, ISO 1600, shata 1/125. Taa ikitoka nyeupe tupu katikati, imeungua. Punguza, hata kama anga litakuwa jeusi, kwa sababu rangi iliyoungua hairudi. Kisha piga nyingine ya sekunde 6 kwa ajili ya nyota zilizo pembeni yake. Ya kwanza inatunza kitu, ya pili inatunza mahali. Mizani ya rangi iwe ya mchana, isijibadilishe. Zima upunguzaji wa chenga wa shata ndefu, unakula muda sawa na picha yenyewe na kitu kinakuondokea. Mchana: f/8, 1/1000, ISO 200 hadi 400.

Saa ya kamera ilinganishe kila jioni kwa kupiga picha ya skrini ya simu inayoonyesha sekunde. Na kwenye daftari andika 20:14, usiandike "saa mbili na robo". Nimeona ripoti nzuri iliyopotea kwa sababu mmoja aliandika saa 2 na mwingine akaisoma saa nane usiku.

Hatua ya 7: Kitu kimetokea

Piga pana kwanza. Hamu ya kuvuta ni kubwa, izuie kwa picha tatu. Halafu vuta. Kama unarekodi video, sema kwa sauti: upande, urefu kwa ngumi, kama kuna mlio. Kikiondoka, usifungue stendi. Piga anga tupu lilelile mara mbili tatu.

Mkiwa wawili ni bora mara kumi. Mwenzako asimame kilomita 2 kutoka ulipo, mpigiane simu, mpige kwa wakati mmoja. Kitu kilicho umbali wa kilomita 10 kitahama karibu nyuzi 11 kati ya picha zenu ukilinganisha na nyota. Cha kilomita 100, unyuzi 1. Zuhura haihami kabisa. Kwa kamera mbili za mtumba mnapata umbali, jambo ambalo kamera moja ya mamilioni haiwezi kuwapa.

Usielekeze lenzi kwenye kambi ya jeshi wala uwanja wa ndege, na kama mtakesha mahali, mwambieni mwenyekiti wa mtaa mapema. Watu watatu gizani na lenzi ndefu hawaelezeki kirahisi.

Hatua ya 8: Ondoa vinavyojulikana

Linganisha na Stellarium kwa sayari, Heavens-Above kwa setilaiti, Flightradar24 kwa ndege. Ndege ina taa nyekundu bawa la kushoto, kijani la kulia, na mmweko mweupe. Shata ya sekunde 2 inaweza kuupanga mmweko huo kama shanga. Kwetu karibu na ikweta, baada ya kupita muda wa saa moja na nusu tangu jua kuzama, setilaiti ya kilomita 550 iliyo utosini tayari imeingia kwenye kivuli cha dunia. Zilizo chini, upande wa magharibi, bado hung'aa kwa muda, na Starlink, zile setilaiti za intaneti, hukutana pale zikawaka na kuzima moja baada ya nyingine. Na vitu vya roketi hurudi kweli: Desemba 30, 2024, pete ya chuma ya kilo 500 hivi, ambayo Shirika la Anga la Kenya lilisema kwa uchunguzi wa awali ni ya roketi, iliangukia kijiji cha Mukuku, Makueni, Kenya.

Hatua ya 9: Tunza faili

Nakili RAW zote kwenye diski mbili usiku uleule, bila kukata wala kung'arisha. Ukimtumia mtu kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti, usitume kama picha, kwa sababu ikienda kama picha inabanwa na saa, mahali na mipangilio yote inafutika. Ukiiweka hadharani na uliipigia nyumbani kwako, toa GPS kwenye nakala hiyo na uandike jina la mtaa tu. Ile ya asili yenye kila kitu ibaki kwako, kwa yeyote atakayetaka kuja kupima.